Ubia wa Kusafisha Majitaka Usiwe Kuacha Lindo

Miongoni mwa mambo ambayo askari hapendi yatajwe wakati wa chakula, la kwanza ni choo. Hata hivyo hakuna kikosi kilichopata kukaa mwezi mzima mahali pamoja bila kamanda wake kulitaja jambo hilo asubuhi na jioni. Leo tumeona ni wajibu wetu kulizungumza waziwazi katika ukurasa huu. Mji wetu mkuu wa Kampala umekwisha kuingia katika zama ambazo kazi ya kuondoa na kusafisha majitaka haifanywi tena na serikali peke yake. Inafanywa kwa ubia: upande mmoja serikali na mashirika yake, na upande wa pili makampuni na watu binafsi wenye magari, mitambo na mitaji. Nchi yetu inayo hata sheria ya ubia wa namna hiyo, nayo ni ya mwaka 2015.

Askari mmoja anaweza kuuliza: haya yananihusu nini mimi mwenye bunduki, au mimi polisi wa zamu barabarani? Jibu letu ni kwamba yanamhusu mara mbili. Kwanza, kambi zetu na nyumba zetu za polisi ni miongoni mwa wanaotoa majitaka mengi mjini. Pili, hakuna mkataba wa majitaka utakaofaa kitu ikiwa hapana anayelinda mwisho wa safari ya majitaka hayo. Kazi ya kulinda ndiyo kazi yetu.

Somo la sururu

Tulipokuwa makadeti, mkufunzi wetu hakuanza somo la kupiga kambi kwa ramani wala kwa bunduki. Alianza kwa sururu. Alitupeleka kando ya kijito, akachomeka vijiti vinne ardhini. Kijiti cha juu kabisa kilikuwa mahali pa kuteka maji ya kunywa. Kilichofuata kilikuwa cha maji ya kupikia, cha tatu mahali pa kuoga na kufulia. Cha nne, mbali na maji na upande wa chini wa mteremko, kilikuwa mahali pa kuchimba choo. Yeyote aliyechanganya vijiti hivyo alifukia shimo lake na kuchimba upya usiku. Mkufunzi alitueleza sababu kwa maneno machache: adui anaweza kukukosa, lakini kuhara hakumkosi mtu.

Historia ya majeshi inathibitisha maneno yake. Katika vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856, askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na silaha za adui. Kipindupindu na kuhara damu viliingia kwenye mahema kabla ya risasi ya kwanza kulia. Tangu wakati huo kila jeshi lenye akili limeweka usafi wa kambi katika orodha ya mambo ya kivita, sambamba na risasi na chakula.

Tumeanza na somo hili kwa sababu mji wa Kampala, kwa jinsi ulivyokua, umevichanganya vijiti vile vinne. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya mji, ukipokea maji ya mvua, uchafu wa masoko, na yale yanayotoka viwandani na majumbani. Unapita karibu na mtambo wa majitaka wa Bugolobi, unaingia katika kinamasi cha mafunjo, kisha unamwaga maji yake katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, kwenye ufuko wa Ggaba, ndiko mji ulikoanza kuteka maji yake ya kunywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Hivyo kijiti cha kwanza na kijiti cha nne vimesimama ukingoni mwa beseni moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee. Mji huu umechimba kisima chake na sasa unakinywa.

Kwa miaka mingi mafunjo ya kinamasi yalitufanyia kazi bila mshahara, yakichuja uchafu kabla haujafika ziwani. Lakini kinamasi kimepunguzwa kwa mashamba ya magimbi, kwa nyumba na kwa viwanda, na mzigo wa uchafu umeongezeka. Maji ya ghuba yalipozidi kuchafuka, kuyasafisha pale Ggaba kulihitaji dawa nyingi zaidi na gharama kubwa zaidi. Ikabidi taifa lijenge kiwanda kingine cha maji huko Katosi, wilayani Mukono, chenye uwezo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku, mbali na ghuba iliyochafuka. Tunakipongeza kiwanda hicho. Lakini hatuna budi kukiri kwamba, pamoja na kuhudumia watu walioongezeka, fedha zilizotumika kukimbiza bomba hadi Katosi ni sehemu ya bei ya majitaka tuliyoyaacha yapite bila kusafishwa.

Tena si fedha tu zilizolipwa. Wengi wetu tunakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997. Maji yalipojaa katika mitaa ya mabondeni, vyoo vya shimo vilifurika, chemchemi zikachafuka, na kipindupindu kikaenea Kampala na sehemu nyingine za nchi hadi mwaka uliofuata. Ugonjwa ule haukuuliza nani raia na nani askari.

Nani hulipa, na analipia nini

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba shida ya majitaka ni ukosefu wa mitambo. Ni kweli mitambo ilikuwa michache. Mtambo wa zamani wa Bugolobi ulijengwa mwaka 1940, wakati Kampala ilipokuwa mji mdogo wa vilima vichache. Lakini katika miaka ya karibuni hatua kubwa zimechukuliwa. Mwaka 2014 ulifunguliwa mtambo wa Lubigi, upande wa kaskazini-magharibi ya mji, wenye uwezo wa kupokea mita za ujazo 5,000 kwa siku. Mtambo huo hupokea pia tope la vyoo linaloletwa na magari. Baadaye mtambo mpya wa Bugolobi ukachukua mahali pa ule wa mwaka 1940, ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Asiyezoea hesabu hizi na ajue kwamba mita 45,000 ni sawa na magari 4,500 yenye matangi ya lita 10,000 kila moja. Mtambo huo unaweza pia kuzalisha umeme kutokana na gesi inayotoka katika tope lenyewe.

Kazi inayofanyika ndani ya mitambo hiyo si uchawi. Majitaka hupita kwanza katika nondo zinazozuia matambara, mifuko na taka ngumu. Kisha mchanga hutuama. Baada ya hapo uzito wa uchafu huachwa ushuke chini, na maji yanayobaki hukabidhiwa kwa vijidudu ambavyo, vikipewa hewa au muda wa kutosha katika mabwawa, hula uchafu uliobaki. Tope nalo hukaushwa au huozeshwa katika matangi yaliyofungwa. Kila hatua inaitegemea iliyotangulia, kama malindo yanayopokezana usiku. Lindo moja likilala, adui amekwisha kuingia.

Hata hivyo mtambo, uwe mzuri namna gani, husafisha yale tu yanayoufikia. Wakazi wa Kampala waliounganishwa na mabomba ya majitaka ni wachache sana. Kwa miaka mingi imetajwa kuwa ni chini ya mmoja kati ya kumi. Waliobaki wana vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi. Hayo yakijaa huondolewa kwa magari ya kunyonya, na sehemu kubwa ya magari hayo ni mali ya watu binafsi. Kwa hiyo ubia tunaouzungumza haukuletwa juzi na wataalamu wenye makabrasha. Umekuwapo mitaani kwa miaka, ukiendeshwa na dereva, utingo wake na mpira mrefu.

Tuuangalie ubia huo kwa makini, maana somo lote limo ndani yake. Mwenye nyumba humlipa dereva ili shimo lake liwe tupu. Shimo likiisha kuwa tupu, mwenye nyumba ametosheka, hana neno zaidi. Hamlipi dereva ili maji ya ziwa yawe safi, kwa sababu ziwa liko mbali na pua yake. Dereva naye, akifika mtamboni, hutakiwa kulipa ada ya kumwaga mzigo. Ameteketeza mafuta njiani, amesimama katika foleni ya magari, na mwisho anatoa fedha badala ya kupokea. Lakini akikata kona gizani na kufungua bomba lake kwenye mfereji, ameokoa mafuta, muda na ada. Biashara yenyewe, isipowekewa utaratibu, humzawadia mwovu na kumtoza mwema.

Hili ndilo tunalotaka kila askari na kila polisi alishike. Soko hulipia kuondoa uchafu. Soko halilipii kuusafisha. Mwisho wa safari, pale majitaka yanapotakiwa kuwa maji tena, hauna mnunuzi isipokuwa umma wenyewe. Kwa hiyo ubia wowote wa majitaka ambao serikali hainunui usafi wa mwisho, haiupimi na haiulindi, ni ubia wa kuhamisha uvundo kutoka uani kwa tajiri kwenda kisimani kwa maskini.

Tulichojionea wenyewe

Tusiwalaumu raia peke yao. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kambi moja ambayo hatutaitaja jina. Matangi ya choo ya kambi hiyo yalijaa wakati wa masika. Zabuni ikatangazwa, na kama ilivyo desturi, ikachukuliwa na mwenye bei ya chini kuliko wenzake wote. Tulifurahi kwamba fungu la fedha halikuisha. Gari lilikuja, likanyonya, likaondoka, likarudi baada ya muda mfupi sana, likanyonya tena. Hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwapo maofisa wenye saa mikononi, aliyejiuliza iliwezekanaje gari lile liende mtamboni na kurudi kwa muda ule.

Baada ya majuma mawili watoto wa familia za askari walianza kuhara. Daktari wa kambi alipofuatilia, alikuta kwamba kijito walichochota maji wake zetu, wakati bomba lilipokauka, kilikuwa kikipokea mzigo wa gari lile kutoka kwenye mteremko wa juu, umbali mfupi kutoka lango kuu. Tulikuwa tumelipa fedha za serikali ili choo chetu kihamishwe kutoka kijiti cha nne hadi kijiti cha kwanza. Mtoto mmoja alilazwa siku tisa. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini baba yake, sajini mwenye utumishi mrefu, alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika?

Sahihi ilikuwa yetu. Tulisaini kwamba tangi ni tupu, na kweli lilikuwa tupu. Hatukuulizwa na karatasi ile kama mzigo umefika wapi, nasi hatukujiuliza. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba mkataba wa majitaka unaoishia kwenye kifuniko cha tangi haujawa mkataba.

Mafunzo ya nchi na miji mingine

Wako wanaosema kwamba dawa ni kumwondoa kabisa mtu binafsi katika kazi hii. Wako pia wanaosema kwamba dawa ni kumkabidhi yeye kila kitu, na serikali ikae pembeni. Pande zote mbili zinafaa kutazama yaliyotokea kabla ya kutoa hukumu.

Hapa kwetu, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972, lilijaribu kuleta makampuni ya kigeni kusimamia usambazaji wa maji na ukusanyaji wa mapato mjini Kampala. Kampuni ya Gauff ya Ujerumani ilikuwapo kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, na kampuni ya Ondeo ya Ufaransa kuanzia mwaka 2002 hadi 2004. Mikataba hiyo ilipomalizika, Shirika halikutafuta mgeni wa tatu. Chini ya uongozi wa Bwana William Muhairwe, lilichukua kilichokuwa na manufaa katika mikataba ile, yaani malengo yanayopimika na malipo yanayofuata matokeo, likaandikiana mikataba ya namna hiyo na mameneja wake lenyewe wa kila eneo. Hapo tunajifunza kwamba nguvu haikuwa katika ugeni wa kampuni. Ilikuwa katika kujua nani anawajibika kwa nini, na kupimwa kwa hilo.

Jirani zetu wa Tanzania walipata somo chungu zaidi. Mwezi Agosti 2003 huduma za maji na majitaka za Dar es Salaam zilikodishwa kwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi. Haukufika hata miaka miwili. Mwezi Mei 2005 serikali iliuvunja, ikisema kampuni haikutimiza ahadi zake, na kampuni nayo ikalalamika kwamba haikutendewa haki. Mashauri yalifika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2008 baraza moja liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa ulinzi wa wawekezaji, lakini halikuwapa wawekezaji fidia yoyote. Baraza jingine liliipa ushindi mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Ushindi ni ushindi, lakini katika miaka ile ya mabishano mwananchi hakunywa karatasi za hukumu.

Upande mwingine wa bara letu kuna mifano ya kutia moyo. Mjini Durban, Afrika Kusini, mtambo wa ubia ulianza kazi mwaka 2001. Ulijengwa kusafisha mita za ujazo 47,500 kwa siku na kuyauza maji hayo kwa viwanda, kikiwamo kiwanda cha karatasi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Hapo tatizo la mnunuzi wa mwisho lilipata jawabu la busara: maji yaliyosafishwa yalikuwa na mnunuzi aliyetaka yawe safi kweli, kwa sababu mitambo yake ingeharibika yasipokuwa safi. Na kila lita iliyokwenda kiwandani iliacha lita moja ya maji ya kunywa kwa wananchi.

Nchini Misri, mkataba wa mtambo wa majitaka wa New Cairo ulitiwa sahihi mwaka 2009. Ulikuwa wa miaka ishirini, kwa mtambo wa mita za ujazo 250,000 kwa siku. Kampuni ilitakiwa kutafuta mtaji, kujenga na kuendesha, na serikali kuilipa kwa huduma ya kusafisha inayotolewa. Hapo mnunuzi wa mwisho ni serikali yenyewe, na mwenye mtambo anajua kwamba malipo yake yanatokana na kazi iliyofanyika.

Ukiiweka mifano hii pamoja, utaona kwamba ubia uliofaa ni ule ambao mtu fulani mwenye fedha na mamlaka alisimama mwisho wa bomba, akasema: nitalipa nikiona maji safi. Ubia ulioharibika ni ule ambao kila upande ulimtazama mwenzake, na hakuna aliyetazama bomba.

Masharti matatu

Kwa hiyo basi, sisi hatupingi ubia. Hazina ya taifa ina majukumu mengi, na mtambo mmoja wa majitaka humeza fedha nyingi kabla haujasafisha tone la kwanza. Mtu binafsi mwenye mtaji, gari na ujuzi anakaribishwa. Lakini tunasisitiza masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba malipo yafuate mzigo hadi mwisho. Dereva wa gari la kunyonya asilipwe fedha zake zote pale uani. Sehemu ya malipo ingoje hati ya mtamboni inayoonyesha siku, saa na ujazo uliopokelewa. Na pale ada ya kumwaga inapomfanya mwema aonekane mjinga, ada hiyo itazamwe upya. Ni nafuu kwa taifa kumpunguzia dereva ada mtamboni kuliko kujenga kiwanda kingine cha maji.

Sharti la pili ni kwamba kipimo kibaki mikononi mwa umma. Kampuni inaweza kuendesha mtambo, lakini isijipime na kujipa cheti. Nchi yetu imeweka kwa kanuni, tangu mwaka 1999, viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa, na Sheria ya Mazingira ya Taifa ya mwaka 2019 imeongeza nguvu. Mkaguzi wa serikali awe na ufunguo wa lango, aingie saa yoyote, achukue maji katika chupa na kuyapeleka maabara yake mwenyewe. Askari hajikagui bunduki yake peke yake mbele ya kioo; hukaguliwa. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

Sharti la tatu ni kwamba serikali nayo itimize ahadi zake. Mbia asiyelipwa kwa wakati hupunguza dawa, huacha mashine bila matengenezo, na mwishowe hufungua bomba la dharura usiku. Hapa tuseme ukweli unaotuchoma: ankara za maji na majitaka za taasisi za serikali, na kambi za wenye sare zimo humo, zimewahi kulimbikizwa hadi kuwa mlima. Mtu hawezi kumdai mwenzake uaminifu huku ankara yake imelala kabatini.

Wajibu wetu wenye sare

Tunawaomba makamanda wa kambi zote na wakuu wa vituo vya polisi wayachukue mambo haya kama amri ya kawaida ya usafi. Fungu la kunyonya matangi litengwe kabla ya masika, si baada ya kufurika. Gari lenye kibali ndilo liingie langoni. Askari wa lango aandike namba yake, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Ofisa asitie sahihi ya malipo bila hati ya mtamboni. Jikoni, mafuta yasimwagwe katika mifereji, na matambara, sindano na mifuko visitupwe chooni, maana huko mbele kuna binadamu anayevitoa kwa mikono.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno la pekee. Gari la kunyonya lenye mzigo, lenye vibali vyake na lililo katika njia ya kwenda Bugolobi au Lubigi, liachwe lipite. Kulisimamisha kwa saa nzima ili dereva atoe kitu kidogo ni kumfundisha kwamba njia halali ni ghali. Kesho yake atatafuta njia isiyo na polisi, na njia hiyo huishia kwenye mfereji. Shilingi elfu chache alizozichukua polisi mmoja barabarani hurudi nyumbani kwake ndani ya ndoo ya maji. Lakini gari linaloonekana saa nane za usiku kando ya mfereji au kinamasini, taa zimezimwa na mpira umeteremshwa, hilo lisiachwe. Namba zake zichukuliwe, dereva akamatwe, na shauri lifikishwe kwa wakaguzi wa mazingira na mahakamani. Mwizi wa ng'ombe huiba kwa mtu mmoja. Huyu huiba maji ya mji mzima.

Aidha tunawaomba wote waache kuwadharau watu wa kazi hii. Tumewasikia askari wakiziba pua na kuwatupia maneno vijana wanaoshuka mashimoni katika mitaa ya mabondeni, kule ambako gari kubwa haliwezi kupita, wakitoa tope kwa pampu za mkono. Vijana hao wanashika lindo ambalo sisi tusingelishika hata kwa posho maradufu. Wapewe buti, glovu na heshima.

Mwisho tunarudi kwenye vijiti vinne vya mkufunzi wetu. Kampala haiwezi kuhamishwa, wala ziwa haliwezi kuhamishwa. Mji utaendelea kumwaga na kunywa katika eneo moja. Jambo pekee linaloweza kuwekwa kati ya kijiti cha kwanza na kijiti cha nne ni kazi: mabomba, magari, mitambo, vipimo na ulinzi. Sehemu ya kazi hiyo yaweza kukodishwa kwa mbia mwenye uwezo. Lakini kamanda anayekodi lori la kubeba risasi hakodi ukamanda wake, na akipoteza vita hawezi kumlaumu mwenye lori.

Sajini yule aliyetuuliza nani alitia sahihi amekwisha kustaafu. Swali lake bado liko kazini. Kila ofisa atakayeshika kalamu kuidhinisha malipo ya majitaka, na kila polisi atakayeinua mkono kusimamisha gari barabarani, na ajiulize kabla hajatenda: mzigo huu umefika wapi?